Taulo Ngumu: Tumlaumu Mfuaji au Maji?

Katika mambo ya nyumbani yapo madogo ambayo watu huona haya kuyaandika gazetini, kwa kudhani kuwa hayana uzito. Kumbe madogo hayo ndiyo yaletayo manung'uniko ya kila siku baina ya mume na mke, baina ya mama mkwe na mkaza mwana, na baina ya mwenye nyumba na mtumishi wake. Moja katika hayo ni taulo ya kuogea ambayo ikianikwa hukauka ikawa ngumu kama ubao. Mtu hutoka kukoga akitaraji raha ya mwili, akajipangusa kwa kitu kinachokwaruza kama gunia, wala hakinywi maji sawasawa. Hapo huuliza kwa hasira: "Nani kafua taulo hii?" Swali hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwa kuwa tumeona kwamba aghalabu huulizwa mtu asiyekuwa na kosa, na mwenye kosa, ambaye ni maji, hakuna amwulizaye.

Tunaandika kutoka Makongolosi, mji mdogo ulio katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 110 kutoka Mbeya mjini kwa njia ipitayo Chunya na kuendelea mpaka Rungwa na Itigi. Hii ni nchi ya dhahabu. Tangu miaka ya 1920, wachimbaji walipoanza kuosha mchanga wa mito ya Lupa, na hasa katika miaka ya 1930 zilipovuma mbio kubwa za dhahabu, watu wa makabila na mataifa mengi wamekuja huku kutafuta riziki, na mpaka leo wanakuja. Lakini utajiri wa dhahabu hauleti utajiri wa maji. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili. Miezi iliyosalia vijito vingi hukauka ikabaki michanga mitupu, na watu wakategemea visima na ndoo za kununua. Basi mtu wa huku akimwaga ndoo mbili za maji kwa kusuuza kusikokuwa na faida, amemwaga fedha, na amemwaga pia jasho la yule aliyezibeba kichwani.

Maji ya kisima tutumiacho sisi ni safi kwa macho na mazuri kwa kunywa, lakini ni magumu. Neno hili la "maji magumu" huwachekesha wengine, kwani wamezoea kuwa kigumu ni jiwe, na maji ndiyo mfano wa ulaini. Lakini maana yake ni rahisi. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hupenya katika udongo na nyufa za miamba, na njiani huyeyusha chumvichumvi za chokaa, ambazo wataalamu huziita kalsiamu na magnesiamu. Maji yaliyobeba nyingi katika chumvi hizo ndiyo maji magumu, na yasiyobeba au yaliyobeba kidogo ndiyo maji laini. Hayaonekani kwa macho tofauti yake, lakini alama zake ziko wazi kwa kila mwenye kutazama. Birika la chai hufanya ukoko mweupe ndani yake. Sabuni huchelewa kutoa povu. Beseni la kufulia hubaki na mstari wa utando mzito, wa rangi ya kijivu, unaonata kama mafuta yaliyoganda. Na taulo, baada ya kufuliwa mara kadhaa, hupoteza ulaini wake hata kama ilinunuliwa kwa bei kubwa.

Miaka michache iliyopita yalitokea mambo kwa jirani yetu mmoja, ambayo yafaa kuelezwa kwa kuwa ndani yake mna mazingatio. Jirani huyu ni kijana wa kazi za machimboni, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mama wa yule kijana akaja kutoka Tukuyu kumtazama mjukuu, na ilikuwa mwezi wa Januari, mvua zikinyesha. Siku ya tatu ya kuja kwake akamwona mtoto ana wekundu shingoni na mapajani. Akaishika taulo anayopangusiwa mtoto, akaona inakwaruza. Akamgombeza mkaza mwana. Mkaza mwana naye akamgombeza binti wa kazi, akamwagiza aongeze sabuni. Binti akaongeza sabuni, na taulo zikazidi kuwa ngumu. Sabuni ya mwezi mzima ikaisha kabla ya nusu ya mwezi. Hapo yule binti akaambiwa kuwa ama hajui kufua ama anaiuza sabuni, na kwamba bei ya sabuni itakatwa katika mshahara wake.

Tulipokwenda kuwajulia hali tulimkuta binti analia jikoni. Tukampa yule mama shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akatueleza shauri lote. "Mwanangu," akasema, "huko kwetu Tukuyu kipande kimoja cha sabuni hufua nguo za watu sita, na taulo hubaki laini kama pamba. Huku hakimalizi siku mbili, na mjukuu wangu anachubuka. Hebu nieleze, hiyo sabuni inakwenda wapi?"

Tukamjibu, "Mama, tupe chupa mbili nyeupe na kisu, tukuoneshe inakokwenda, kabla hujahukumu."

Chupa zikaletwa. Ya kwanza tukaitia maji ya mvua, yaliyokuwa yamekingwa kwa bati na kuwekwa kwa kunywa na kupikia. Ya pili tukaitia maji ya kisima, kiasi kilekile. Tukaparuza sabuni ya mche, tukatia katika kila chupa vipande vitano vidogo vilivyo sawa, tukafunika, tukatikisa kwa muda uleule. Chupa ya maji ya mvua ikajaa povu zito, nalo likakaa. Chupa ya maji ya kisima ikatoa mapovu machache yaliyopasuka upesi, na maji yenyewe yakageuka kuwa kama tui lililokatika, na juu yake pakaelea chengachenga nyeupe. Tukaendelea kuongeza sabuni kidogo kidogo katika chupa ile ya pili, na kila tulipoongeza, chenga zilizidi. Povu la kukaa halikuonekana mpaka tulipokwisha tia sabuni mara nyingi zaidi ya ile ya kwanza. Yule mama aliichukua chupa akaigeuzageuza katika mwanga, kisha akamwita yule binti akamwambia mbele ya watu wote: "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikuwa nagombana na kisima, na wewe ndiwe ukapata maneno." Mshahara haukukatwa.

Sasa na tueleze kilichotokea ndani ya zile chupa, kwa sababu ajuaye sababu hapotei katika dawa. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Katika maji laini huyeyuka, ikashika uchafu na kuuondoa. Katika maji magumu, kabla haijaugusa uchafu, hukutana na chokaa, vikashikana vikawa kitu cha tatu ambacho hakiyeyuki katika maji: ndicho ule utando na zile chenga. Sehemu ya kwanza ya sabuni yote huteketea hivyo, na mpaka chokaa iliyomo iishe ndipo sabuni huanza kazi yake. Kwa hiyo anayeongeza sabuni bila ya kuyatengeneza maji kwanza haongezi usafi, bali huongeza utando.

Na utando huo waipenda taulo kuliko nguo nyingine. Tazama taulo kwa karibu: uso wake si mfumo wa nyuzi zilizolala kama kanga au shuka, bali una vitanzi vidogo vidogo visivyohesabika vilivyosimama. Ufumaji huo si wa jana. Asili yake ni katika mahamamu ya Waturuki, ambako Waislamu walipenda kitambaa kinywacho maji upesi. Kisha katikati ya karne ya 19 Mwingereza Henry Christy akauona huko Uturuki na kuupeleka kwao, ukaanza kufumwa kwa mashine. Vitanzi hivyo ndivyo vinywavyo maji, na ndivyo viletavyo ulaini vikiwa vimesimama kila kimoja peke yake. Lakini utando wa sabuni na chokaa huingia katikati yake, ukavigandisha pamoja kama nywele zilizopakwa gundi. Taulo hiyo huwa ngumu, huwa nzito, hugeuka rangi ikawa ya kijivu, na huyakataa maji kwa sababu utando wenyewe una asili ya mafuta.

Mtu ataweza kuuliza: kwa nini basi Tukuyu si hivyo, nayo ni mkoa mmoja nasi? Jawabu ni kwamba Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi wa Chunya hatufikii nusu ya hiyo. Huko vijito hujaa maji mapya ya mvua ambayo hayajakaa muda mrefu ardhini. Huku twanywa maji yaliyolala ndani ya miamba. Na atakaye kuona kwa macho yake jinsi maji yanavyoweza kubeba mawe, aende Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya. Huko chemchemi za maji moto zimetoa chokaa kutoka chini ya ardhi na kuiweka juu, tabaka juu ya tabaka kwa zama nyingi, hata ikawa miamba mizima, na kiwanda cha saruji kikajengwa hapo kwa ajili ya chokaa hiyo. Ukoko wa birika lako na mwamba wa Songwe ni ndugu wa baba mmoja.

Hata hivyo haki yataka tuseme kuwa maji hayabebi lawama yote. Liko jambo la pili, nalo ni ukaushaji. Hata taulo iliyofuliwa kwa maji laini, ikianikwa mahali pasipo upepo ikatulia tuli mpaka ikakauka, hukakamaa kidogo. Mwaka 2020 wataalamu wa Japani, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido pamoja na wa kampuni ya Kao, walionyesha kuwa nyuzi za pamba zilizokaushwa kwa kuanikwa hubaki na maji kidogo mno yaliyozishika, na maji hayo huziunganisha nyuzi kama gundi. Ndiyo maana taulo ngumu ukiifikicha mikononi hulainika kidogo: umekata viungo hivyo. Basi aliye na maji magumu ana maadui wawili, chokaa na utulivu wa kamba, na lazima apigane na wote wawili.

Ama dawa zake, tutazieleza kwa utaratibu tunaoufuata sisi nyumbani kwetu, na hakuna hata moja inayohitaji mashine wala fedha nyingi.

Kwanza ni maji ya mvua. Haya ndiyo maji laini kuliko yote, na Mwenyezi Mungu huyashusha bila ya bei. Mwenye paa la bati na aweke mfereji na pipa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe bati, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, inayofuata ikingwe. Tunajua kuwa nyumba nyingi huyaweka maji haya kwa kunywa, na hiyo ni haki. Lakini wakati wa masika, pipa likiwa limefurika, ni hasara kuyaacha yakamwagika huku tunafulia ya kisimani.

Pili ni magadi, kwa miezi ya kiangazi. Magadi haya ni yaleyale ya kupikia maharage, yauzwayo sokoni kwa vipande, ambayo katika Afrika ya Mashariki hutoka katika maziwa kama Natron hapa kwetu na Magadi huko Kenya. Magadi yakiingia katika maji magumu huikamata chokaa, ikageuka unga mweupe usioyeyuka, ukatuama chini. Hivyo sabuni ikija haimkuti adui. Namna ya kufanya ni hii: chukua magadi yaliyopondwa, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, kwa ndoo ya lita 20. Usiyatie hivi hivi, maana magadi ya sokoni yana udongo. Yayeyushe katika kikombe cha maji moto, yaache yatuame, kisha uchuje kwa kitambaa, na maji yake safi ndiyo uyatie ndoo. Koroga, funika, acha mpaka asubuhi. Asubuhi mimina polepole maji ya juu, na machicha ya chini yaache. Kiasi hicho chafaa kwa kisima chetu. Kila mtu na akijaribu chake kwa ile njia ya chupa, akiongeza au kupunguza magadi mpaka povu likae. Asiyepata magadi na atumie maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa vizuri, kama walivyofanya bibi zetu, kwani kazi yake ni moja. Lakini yasiwe makali, maana huunguza mikono na kupausha rangi. Na nguo za sufu na hariri zisiguswe kabisa kwa magadi wala majivu.

Wako wanaochemsha maji ili kuyalainisha. Kuchemsha huondoa sehemu tu ya chokaa, ile igandayo katika birika, na sehemu nyingine hubaki. Tena huteketeza kuni na mkaa, na miti yetu ya Chunya imekwisha teketea ya kutosha. Sisi hatuoni maana ya kuchoma gunia la mkaa kwa ajili ya taulo, hali magadi ya bei ndogo yafanya kazi bora zaidi.

Tatu ni sabuni yenyewe. Katika maji magumu sabuni ya unga ni afadhali kwa taulo kuliko sabuni ya mche, kwa sababu haifanyi utando ule ikikutana na chokaa, ingawa nayo hupungua nguvu. Lakini itiwe kwa kipimo. Povu lingi linalopendeza macho lahitaji maji mengi kuliondoa, na sabuni iliyobaki ndani ya taulo ikikauka nayo hukakamaza, tena huwasha ngozi za watoto na wazee.

Nne ni kusuuza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao yote. Mtu hufua kwa maji ya mvua, akaona povu zuri, akafurahi; kisha taulo ikiwa bado imejaa sabuni, akaitumbukiza katika ndoo ya maji ya kisima ili kuisuuza. Pale pale, ndani ya vitanzi, sabuni iliyobaki hukutana na chokaa ya ndoo ya pili, na utando aliouepuka katika beseni akaufanya katika ndoo. Basi maji laini yagawanywe mawili: nusu ya kufulia na nusu ya kusuuzia mara ya kwanza. Sabuni ikishatoka, mara ya pili yaweza kuwa ya kisima bila ya madhara makubwa. Na kabla ya kutia sabuni, taulo iachwe imelowa katika maji matupu yaliyotengenezwa, ikamuliwe, ndipo ifuliwe.

Tano ni siki. Katika maji ya mwisho ya kusuuzia, tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo. Ukali wake huyeyusha chokaa iliyosalia na kuua nguvu ya magadi yaliyobaki, na harufu yake huondoka taulo ikikauka. Aliye na shaka juu ya siki za dukani zimetengenezwaje, atumie maji ya ndimu au limau yaliyochujwa, naye atapata faida hiyo hiyo. Lakini tunatoa onyo: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iunguzayo mapafu. Wala siki na magadi visitiwe katika ndoo moja kwa wakati mmoja, kwani huuana nguvu, na mtu akabaki na maji yasiyofaa kwa hili wala kwa lile.

Sita ni kuanika. Taulo ikamuliwe bila ya kuisokota mno, kwa sababu kusokota hulaza vitanzi. Kisha ishikwe ncha mbili ikung'utwe kwa nguvu mara kumi au ishirini, ianikwe kivulini penye upepo. Ikifika nusu ya kukauka, ikung'utwe tena na kugeuzwa. Mwishowe itolewe juani kwa muda mfupi, kwani jua lina faida ya kuua vijidudu. Lakini isiachwe kutwa nzima katika jua kali la Septemba ikaokwa kama mkate. Na isikunjwe kabla ya kukauka barabara, isije ikaota ukungu.

Ama taulo ambayo imekwisha haribika, usiitupe wala usiifanye tambara la kudekia. Ilowe kwa saa moja katika ndoo ya maji yaliyotiwa kikombe kimoja cha siki, ili utando ukatike. Isuuze. Kisha ilaze usiku katika maji ya vuguvugu yaliyotengenezwa kwa magadi, pasipo sabuni, yapate kuyachukua mafuta yaliyoachwa na utando. Asubuhi utaona maji yamechafuka, na huenda yakafanya povu hali hukutia sabuni: hiyo ni sabuni ya miezi iliyopita. Isuuze vizuri, tia siki kidogo katika maji ya mwisho, ikung'ute na kuianika kama tulivyosema. Mara mbili au tatu za kufanya hivyo huirudishia taulo nguvu ya kunywa maji. Lakini ile ambayo vitanzi vyake vimekwisha katika kwa uzee haina tiba, kama nywele zilizong'oka.

Yako maji ya manukato yauzwayo madukani kwa kulainisha nguo. Hayo hupaka nyuzi tabaka jembamba lenye utelezi, na mkono huona ulaini. Lakini taulo iliyopakwa mara kwa mara hupungua kunywa maji, na kazi ya taulo ni kunywa maji. Kwa hiyo ayatumiaye na ayatumie kwa uchache.

Kwa sisi wa machimboni liko neno jingine la lazima. Nguo za kazini zisifuliwe kamwe katika beseni moja na taulo, hasa za watoto. Wachimbaji wengi wadogo hushikisha dhahabu kwa zebaki, na zebaki ni sumu isiyoondolewa na magadi wala siki. Nguo hizo ziwe na beseni lake na siku yake. Na maji yaliyofuliwa kwa magadi yasimwagiwe mboga, kwani huharibu udongo. Yafaa kuoshea sakafu na choo.

Baadhi ya vijana wametuuliza: ikiwa maji haya yamebeba chokaa kiasi hiki, je, udhu na josho la janaba husihi kwayo? Jawabu limo katika vitabu vya fiq'hi tangu zamani. Maji yaliyogeuka kwa kitu kilichomo katika makao yake au mapito yake, kama udongo na chumvi za ardhi, yangali maji mutlaki, safi yenyewe na yenye kusafisha. Ugumu wake ni taabu ya mfuaji, si kasoro ya tahara. Kadhalika wameuliza kama ni lazima kujipangusa. Imepokewa kuwa Bibi Maimuna (R.A.) alimletea Mtume wetu (S.A.W.) kitambaa baada ya josho naye hakukichukua, akawa anayakung'uta maji kwa mikono yake. Kutokana na hayo wanazuoni wengi, hasa wa madhehebu ya Shafi, wameona kuacha kujipangusa ni bora pasipokuwa na haja. Na penye haja, kama baridi, hapana ubaya. Anayejua asubuhi za Juni na Julai katika nyanda hizi za juu anajua kuwa haja ipo. Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akikoga kwa pishi moja au zaidi kidogo. Ikiwa huo ndio uangalifu wake katika ibada, sisi tuna udhuru gani wa kumwaga ndoo tano kwa kufukuza utando tulioutengeneza wenyewe?

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu lengo letu si taulo peke yake. Katika nyumba zetu lawama ina desturi ya kuteremka kama maji: mkubwa humlaumu wa chini yake, naye humlaumu aliye chini zaidi, mpaka ifike kwa asiye na wa kumlaumu, ambaye aghalabu ni binti mdogo aliyetoka kijijini kwao kutafuta riziki. Dini yetu imetukataza dhana mbaya, na imetuagiza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kumkata mshahara mtu kwa kosa lililotendwa na mwamba ulio chini ya ardhi ni dhuluma, hata kama aliyeifanya hakujua. Na njia ya kuiepuka dhuluma ya namna hii ni kujua.

Basi ndugu zetu wasomaji, mnaoishi Makongolosi na Chunya, na ninyi mlioko popote ambapo birika hufanya ukoko mweupe, chukueni chupa mbili na kipande cha sabuni, mjaribu pamoja na watoto wenu. Vijana wanaosoma habari hizi shuleni wataona kuwa elimu yao ina kazi jikoni na uani. Na siku taulo itakapokwaruza, ulizeni maji kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa miili na wa nyoyo, na atuepushe na kuwadhulumu walio chini ya mikono yetu. Amin.